Ukuta wa Sifa za Kesho

Watu wa Tarajia hawamuulizi mgeni ametoka wapi. Humuuliza atakuwa nani. Niliulizwa hivyo na mlinzi wa lango kabla hata sijatua mzigo, nami kwa kuwa nilikuwa nimechoka na nyayo zinaniwaka moto, nilijibu kwamba nitakuwa mtu aliyepumzika. Mlinzi alitafakari, akaona ni mpango unaotekelezeka, akanipigia makofi kwa muda mrefu, kisha akafungua lango. Nilidhani ananidhihaki. Hakuwa na dhihaka hata chembe, na kama angekuwa nayo ningelala usingizi mzuri zaidi katika nchi ile.

Katika Tarajia kila mwenye kipaji hupanga mafanikio yake mapema, na kupanga huko ni jambo la sheria. Kijana anayetaka kuwa msanii husimama uwanjani mbele ya mji mzima na kuitangaza kazi kuu ya maisha yake: itakuwa nini, itakaaje, na watakaoiona watajisikiaje. Mji humpigia makofi mpaka viganja vinawaka. Hupikiwa pilau, huvishwa joho, akina mama hulia kwa furaha. Kisha waashi huchonga shubaka katika ukuta mkubwa unaouzunguka uwanja, tundu lenye umbo lilelile la kazi iliyotangazwa, na kijana hurudi nyumbani akiwa mtu maarufu. Kinachobaki ni kuitengeneza hiyo kazi.

Siku ya kuileta huitwa Siku ya Kulingana. Kazi husukumwa ndani ya shubaka lake, na ikiingia sawasawa mpango umetimia. Hakuna anayepiga makofi siku hiyo, kwa sababu makofi yalikwisha kupigwa, na kuyarudia huhesabiwa kuwa ufujaji. Isipoingia, huvunjwa palepale kwa nyundo, na mwenyewe hupelekwa Nyumba ya Washauri. Huko atakula vizuri, atavaa vizuri na kuwafundisha vijana namna ya kupanga, ila hataigusa tena kazi ya mikono yake mpaka anaingia kaburini. Nilimuuliza mtu mmoja sokoni washauri wote wa nchi wametoka wapi. Alinishangaa. Alisema wametoka hapohapo, kwani wangetoka wapi kwingine?

Wasanii wasio na kitu cha kuingiza ukutani nao hawakusahauliwa. Nilihudhuria onyesho la mwimbaji aliyekuwa ametangaza tangu ujanani kwamba watu watalia katika ubeti wa mwisho. Wasikilizaji walikaa na leso tayari magotini. Bahati mbaya alikuwa na sauti nzuri kweli, na mama mmoja aliyekaa mbele yangu akashikwa na kilio katika ubeti wa pili. Walimtoa nje kwa adabu, na mwimbaji akaonywa.

Nilipangiwa kulala kwa mfinyanzi mmoja aitwaye Kidawa, mwanamke wa makamo, mkimya, mwenye mikono mipana iliyokauka kwa udongo. Alinikaribisha kwa wali na kunde za nazi, na nilikwisha kula na kunawa mikono ndipo akaniambia kwamba Siku yake ya Kulingana ni wiki ileile. Akaongeza kwamba kwa sheria kazi husukumwa na mgeni aliyelala nyumbani kwa msanii, kwa kuwa mgeni hana ndugu wala adui mjini. Baada ya kusukuma, mgeni huulizwa mbele ya watu kama kazi imeingia. Akisema uongo hufungwa.

"Ningekwambia kabla hujala, kaka, ungeondoka," alisema.

Nilikasirika, na nilimwonyesha kwamba nimekasirika. Mimi ni mtu nisiyependa mikutano, sembuse mkutano ambao ndani yake naweza kufungwa. Nilimuuliza kwa ukali kama angalau kazi yake itaingia. Alichukua taa, akanipeleka uani, akafunua turubai.

Nilikuwa nimesikia sokoni kile alichotangaza Kidawa alipokuwa msichana: mwanamke mshindi, amesimama wima, mkono mmoja ameunyoosha juu. Mji ulikuwa bado unakumbuka makofi ya siku ile. Niliyemwona chini ya turubai alikuwa mwanamke wa udongo uliochomwa, ukubwa wa mtu, ameketi kwenye kigoda. Magoti yake yalikuwa yameachana. Ameinama kidogo, mikono yote miwili iko mbele ya kifua, na vidole vinasuka nywele. Lakini katikati ya magoti hapakuwa na mtu. Alikuwa anamsuka mtu asiyekuwapo, na kwa utulivu kiasi kwamba nilijikuta nasogea pembeni nisimzibe mwanga.

Hasira zangu ziliniishia. Nilimuuliza ilikuwaje.

"Nilimwanza amesimama, kama nilivyotangaza," alisema. "Kila nikimkamilisha namwona ananidanganya. Namvunja, naanza upya. Mwaka aliofariki mama nikakaa hapa chini, sina nia ya chochote, mikono ikafanya hivi."

Nilimwambia kwamba basi hakupanga. Hapo alinigeukia, na kwa mara ya kwanza nikamwona amekereka.

"Napanga, kaka. Nachimba udongo kabla ya mvua. Kuni nazikausha msimu mzima. Kila alfajiri niko hapa, niwe na hamu nisiwe nayo, na wanangu wanajua saa hizo hawaniiti. Hayo yote nayapanga. Kitakachotoka humo ndicho nisichokipangia."

Kesho yake alinijia Mzee Makungu, Mlinganishi Mkuu, mwenye dhamana ya ukuta na ya nyundo. Alikuwa mtu mrefu, mpole, joho lake limepigwa pasi mpaka linakata. Alinitembeza ukutani ili nijue pa kusimama siku ya siku. Nilitegemea kuona maajabu, na niliyaona. Kulikuwa na mcheza ngoma asiye na mabega. Kulikuwa na ng'ombe wa mti aliyepunguzwa miguu mpaka akawa kama amelala, ingawa macho yake yalikuwa ya ng'ombe anayekimbia. Kulikuwa na mama amebeba mtoto, na mtoto amebaki nusu. Makungu aliniambia kwamba kukata huko huitwa kurekebisha, na hufanywa na msanii mwenyewe siku chache kabla, kwa msaada wa mshauri. Alisema ndiyo maana nchi yao ina mafanikio mengi kuliko nchi jirani, ambako watu hukaa kusubiri moyo uwatume na hawamalizi hata kinu.

Shubaka la Kidawa lilikuwa jembamba na refu, na juu lina mfereji wa mkono ulionyooshwa. Upande wake mmoja alikuwapo yule ng'ombe. Upande wa pili, nyuma ya kikuta chembamba cha matofali na chokaa, palikuwa na shubaka pana lililo tupu, lenye umbo la farasi aliyeinua miguu ya mbele. Lilikuwa limefagiliwa, na chini yake pameachwa maua mabichi.

"Hilo ni langu," alisema Makungu.

Nilimuuliza farasi yuko wapi.

"Masikio yalizidi. Kidogo tu."

"Hukuyakata?"

"Nilikuwa kijana," alisema, na akatengeneza kola ya joho lake iliyokuwa haina kasoro.

Alinieleza kwamba shubaka la aliyeshindwa haliguswi na mtu yeyote isipokuwa mwenyewe, kwa kuwa ahadi hubaki kuwa ahadi. Kila mwaka, siku lilipochongwa, mji hukusanyika mbele yake na kumpigia makofi kama walivyompigia siku ile. Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, lakini mkono wake ulikuwa umeshika ukingo wa shubaka kama mtu aliyeshika kitanda cha mgonjwa. Nilimwonea huruma na wakati huohuo nikamwogopa, kwa maana nyundo ilikuwa kiunoni mwake.

Jioni hiyo alikuja nyumbani kupima. Alizungusha uzi kwenye sanamu, akachora mistari ya chaki juu ya magoti na viwiko. Alisema, tena kwa upole wa kweli, kwamba magoti yakiondolewa na mikono ikabandikwa mwilini, kazi itaingia, na Kidawa ataendelea kufinyanga maisha yake yote.

"Mwanangu, ni magoti tu."

"Mtu atakaa wapi, mzee?" aliuliza Kidawa.

Makungu hakuelewa. Aliuliza ni mtu gani, na kama yumo katika tangazo. Kidawa alimwambia hajui ni nani. Mlinganishi Mkuu alisimama kitambo mbele ya ile nafasi tupu kati ya magoti, chaki mkononi, kisha akasema atarudi siku ya siku na akaondoka bila kumaliza kahawa yake.

Mimi nilikuwa nimeanza kumjua huyo mtu aliyekuwa akiulizwa. Wanawake wa mtaa walikuwa wanakuja uani kwa mlango wa nyuma, mmojammoja, kwa visingizio vya kuomba moto au chumvi. Niliwaona wanavua ushungi, wanakaa chini katikati ya yale magoti, mgongo kwa sanamu, wanainamisha kichwa. Mmoja alikuwa mke wa mlinzi wa lango, mwanamke mwenye mdomo mrefu ambaye asubuhi yake alinigombeza kwa kukanyaga mfereji wake. Alikaa pale mpaka mabega yakaanza kumtikisika, kisha akajifuta, akachukua chumvi yake na kwenda zake. Kuwaona kule kulinifanya niogope zaidi. Kabla ya hapo nilikuwa naogopa kufungwa tu.

Nilimshauri Kidawa atoroke na kazi yake. Alicheka kidogo, akaniuliza nimewahi kuona mtu anatoroka amebeba mwanamke wa udongo. Nilimshauri basi akate magoti amfinyange mwingine baadaye. Kwa hilo hakucheka. Alikwenda ndani, na nikasikia anatafuta kitu katika vyombo vyake vya chuma.

Siku ya Kulingana uwanja ulijaa mpaka watu wakapanda mapaa. Washauri walikaa mbele katika majoho yao, na kimya chao kilikuwa cha watu wanaojua kitakachotokea kwa kuwa kiliwahi kuwatokea. Sanamu ililetwa kwenye ubao wenye magurudumu, imefunikwa. Kidawa alitembea kando yangu amejifunga kibwebwe, macho yake hayakuwa kwenye sanamu wala kwa watu, yalikuwa kwenye kile kikuta cha matofali kati ya shubaka lake na la Makungu.

Turubai lilipoondolewa, mnong'ono ulipita uwanjani. Hakuna aliyeona ushindi wala mkono ulionyooshwa. Makungu aliona mistari yake ya chaki bado iko juu ya magoti, mizima, haijaguswa, na akafumba macho kidogo.

Nilisukuma. Nilisukuma kwa haki, kwa sababu sheria ilitaka hivyo na kwa sababu nilikuwa bado na tumaini la kipumbavu. Goti la kushoto liligusa ukingo wa shubaka, udongo ukalia juu ya chokaa, nikaacha mara moja. Mshauri mmoja akasimama na kuniuliza mbele ya watu wote kama kazi imeingia. Niliangalia magoti yale, nikaangalia nyundo. Nilitamani kusema uongo kuliko nilivyowahi kutamani kitu chochote, lakini hata mtoto aliyekuwa juu ya paa angeweza kuona.

"Haijaingia," nilisema.

Makungu aliichomoa nyundo kiunoni. Ndipo Kidawa alipotoa patasi katika kibwebwe, akaiweka juu ya kikuta kile chembamba, na akabaki hivyo bila kugonga. Walinzi waliruka. Makungu aliwazuia kwa mkono.

"Upande wa pili wa hapo ni pangu," alisema.

"Najua, mzee. Ndiyo maana nakuomba, sipigi."

Ilinichukua muda kuelewa, na washauri iliwachukua muda mrefu zaidi. Katika nchi ile walikuwa wamekata miguu, mabega na watoto wachanga, na hakuna aliyewahi hata siku moja kufikiria kukata ukuta. Kikuta kile kikiondoka, mashubaka mawili yangekuwa nafasi moja, na mwanamke yule angeketi humo kwa raha. Farasi asingekuwa na mahali tena.

Mjadala ulizuka. Mshauri mmoja alisema kazi ndiyo inayopaswa kulingana, ukuta haupaswi kitu. Mwingine alisema sheria hairuhusu mtu kugusa shubaka la mwenzake, lakini haimkatazi mwenyewe kulivunja lake, ila hakuna mwenye akili timamu angefanya hivyo. Wa tatu, mwanamke mzee aliyewahi kuwa mchoraji, alisema Mlinganishi Mkuu akumbushwe kwamba asiye na shubaka hapigiwi makofi, hana nafasi katika Nyumba ya Washauri, na hatakuwa na ahadi yoyote ya kukumbukwa kwayo. Waliyasema yote hayo kwa utaratibu, kila mmoja akimwachia mwenzake amalize, na wakati wote ule nyundo ilikuwa juu mkononi mwa Makungu, imenyooka kuelekea kichwa cha sanamu.

Alimsogelea Kidawa. Mimi niliyekuwa nimesimama kati yao niliwasikia. Sidhani kama uwanja ulisikia.

"Ukinichukulia shubaka hili, mwanangu, nitabaki na nini?"

"Sijui, mzee," alisema Kidawa. "Siwezi kukupangia."

Makungu aligeuka akalitazama shubaka lake, lile umbo la hewa lenye miguu miwili juu na masikio ambayo hayakuwahi kutosha. Alilitazama kwa muda mrefu mno. Nikaona mkono wenye nyundo unapanda, na nikashindwa kuvumilia, nikafumba macho.

Kishindo kilikuja. Kikaja cha pili na cha tatu, na kitu kikaniingia puani na kunikohoza. Ilikuwa vumbi la chokaa. Udongo uliochomwa hautoi vumbi la namna ile. Nilipofumbua macho, Mzee Makungu alikuwa mweupe kuanzia kofia hadi viatu, na matofali ya kikuta yalikuwa yanaanguka miguuni mwake juu ya maua.

Nilisukuma tena. Mwanamke yule aliingia, akaketi, akaendelea kusuka. Mshauri aliniuliza swali lake nami nikajibu kwamba imeingia, na sikufungwa.

Hakuna aliyepiga makofi. Yalikwisha kupigwa zamani, tena kwa mwanamke mwingine aliyesimama na kunyoosha mkono. Watu hawakujua wafanye nini na mikono yao. Mwishowe mke wa mlinzi wa lango alitoka katika umati, akavua ushungi mchana kweupe, akakaa chini kati ya yale magoti na kuinamisha kichwa. Nyuma yake mwanamke mwingine akasimama kusubiri zamu. Mlinzi wa lango alijaribu kumwita mkewe kwa macho, kisha akaacha.

Washauri walikutana siku zilizofuata, nami nilialikwa kusikiliza. Walikubaliana kwamba jambo la Kidawa limeleta mafanikio, na kwamba mafanikio hayawezi kuachwa hivihivi bila mpango. Wakapitisha sheria mpya: kuanzia sasa kila kijana atakapotangaza kazi yake, atangaze pia ni sehemu gani ya ukuta atakayoibomoa. Nilipopita uwanjani vijana walikuwa wamepanga foleni ndefu, kila mmoja anaonyesha kwa kidole mahali pake pa kubomoa, na mji unawapigia makofi. Nilicheka peke yangu mpaka nikaona aibu.

Siku ya kuondoka nilikuwa nimekaa uani kwa Kidawa na mzigo wangu, namalizia chai. Alikuwa anaponda udongo mpya na alikuwa hajamwambia mtu ni wa nini. Mlango wa nyuma ulifunguliwa, akaingia Mzee Makungu bila joho. Sikumtambua mara moja. Alikuwa mtu mwembamba mwenye shati lililofifia. Alieleza, akiwa amesimama kizingitini, kwamba wamemtoa katika Nyumba ya Washauri. Na kwa kuwa hana tena ahadi, wamegundua hakuna sheria inayomkataza kugusa udongo.

Kidawa alikata donge kubwa, akaliweka juu ya ubao mbele ya kigoda. Yule mzee aliketi. Aliuweka mkono juu ya udongo, akauondoa, akaurudisha.

"Utatengeneza nini, mzee?" niliuliza.

Wote wawili waliniangalia. Sijui nielezeje macho yale. Hayakuwa ya hasira, yalikuwa ya watu wawili waliomwona mtu ameanza kuugua ugonjwa wanaoujua. Nilijisikia uso unaniwaka, nikainamia kikombe changu.

Makungu alirudi kwenye udongo. Alimega kipande kidogo, akakiviringisha, akakichongoa kwa kidole gumba polepole. Huenda lilikuwa sikio. Huenda kilikuwa kitu kingine. Nilichukua mzigo wangu, nikaaga, na sikuuliza.